Siku Niliyopitisha Udi Kabla ya Kahawa

Naanza mimi mwenyewe kabla hamjaanza nyinyi kunicheka, maana najua habari hii imeshaizunguka Maskati, imefika Bustan na kurudi, na kila inapopita inaongezwa chumvi: ndiyo, niliwafukuza wakwe zangu kwa udi, tena kabla hawajawa wakwe na kabla hawajaonja hata kipande cha halwa, na sababu ilikuwa minyoo. Mengine mliyoyasikia ni maneno ya watu.

Mnanijua. Kazini nna abaya iliyopigwa pasi na Kiarabu cha adabu, lakini Ijumaa asubuhi niko juu ya majabali ya Bustan na mshipi wa marehemu baba, kwa sababu baba ndiye alonifundisha, na tangu afariki naona nikiacha kuvua nitakuwa nimemzika mara ya pili (haya, tusilie, kunyweni chai). Sasa samaki wa pale hawataki chambo ila daa, wale minyoo wa mchangani wanaochimbwa maji yakitoka, na daa ana masharti kuliko bibi harusi: anataka baridi lakini si ya barafu, anataka unyevu lakini wa maji ya bahari, ukimtia maji ya bomba anakufa, anataka giza, anataka hewa, na akifa mmoja umtoe upesi maana ataozesha na wenziwe wote. Pahala pake hasa ni friji. Lakini mama alishawahi kufungua friji akitafuta kotmiri akakuta daa anamtazama (daa hana macho, lakini mama kashikilia alitazamwa), akaniambia, "Rahma, nyumba hii ni mimi au hao."

Nikachagua mama. Daa nikawatafutia pahala pengine, na hapo ndipo nilipojitafutia balaa.

Nyumba yetu ya Ghubra ina chumba kimoja tu ambacho kiyoyozi hakizimwi, nacho ni majlisi, chumba cha wageni, na ndani ya majlisi ile pembe ya mbali ndiyo baridi inakoangukia yote. Alhamisi ile nikawaviringisha daa wangu kwenye gazeti lililolowa maji ya bahari, nikawatia kwenye boksi la plastiki, kifuniko nikakiachia kidogo wapumue, nikalisukuma boksi nyuma ya mto mkubwa wa kuegemea. Najua mtauliza kama nilikuwa sijui kuwa jioni ile wanakuja wageni. Nilijua. Nikasema watakaa kidogo, watakunywa kahawa, wataondoka, na nani anafunua mito ya watu? Nikajiona nna akili.

Na wageni wenyewe walikuwa mama yake Nassor, Bi Shamsa, na bibi yake, Bibi Khole. Nassor ndiye aliyetaka kunioa, na miye nilimtaka, nasema wazi, nilimtaka mpaka chakula hakinipiti. Lakini kwao hakuna posa mpaka mama mtu aje kumuona msichana kwanza, na akisema hapana, basi, imekwisha. Nassor alinionya mapema. "Mama hasemi sana," aliniambia. "Anatazama."

Wakaja, wakavua viatu, wakaingia, na mama, kwa heshima zake zote, akamchukua Bibi Khole akamkalisha pale penye baridi nzuri, kwenye ile pembe, na Bi Shamsa ubavuni pake. Bibi akaegemea mto. Mimi nikasema moyoni, kaa kimya, boksi liko nyuma, kila kitu kiko sawa. Na kweli kilikuwa sawa, mpaka bibi alipojifunika ushungi wake vizuri akasema, "Mwanangu, nizimie hicho kidude, magoti yananiuma."

Mama akazima kiyoyozi. Na nyinyi mnalijua joto la Maskati mwezi wa sita, halingoji ukaribishe.

Mama na Bi Shamsa wakawa wanaulizana jamaa wa Unguja, nani yuko wapi, nani kamuoa nani, na mimi macho kwenye mto. Daa wa kwanza nikamuona anatoka ubavuni, taratibu, hana haraka. Nyuma yake mwingine. Kahawa ilikuwa bado jikoni, halwa bado imefunikwa, na kichwani mwangu lilibaki jambo moja tu: hawa watu waondoke kabla hawajaona. Na kwetu sisi, hata mtoto anajua, kitu kinachomuinua mgeni ni udi. Chetezo kikishapita mgeni ananukia, anaaga, anakwenda zake. Basi nikaenda jikoni, nikakiruka chano cha kahawa, nikabeba chetezo.

Mama aliponiona sura yake ikabadilika. "Rahma," akasema kwa sauti ya chini, "unafanya nini?"

"Nawafukiza wageni, mama."

"Kahawa haijaja."

"Najua," nikasema, na nikaendelea, kwa sababu nilishaanza.

Bi Shamsa akatia mkoba wake begani, akasimama, akasema, "Ahsanteni kwa makaribisho," kwa upole hata nikaona heri angenitukana. Akachukua chetezo, akaunyanyua upindo wa abaya yake moshi upite kama tunavyofanya, na pale kwenye upindo alikuwapo daa mmoja, mnene, ananing'inia. Akadondoka juu ya zulia. Bibi Khole naye akawa anainuka, mto ukaanguka, na familia nzima ikaonekana.

Mama, masikini, akataka kunisitiri. Akasema, "Hao wa marehemu baba yake. Alikuwa mvuvi."

Bibi Khole akawatazama daa, akamtazama mama. "Marehemu kafa lini?"

"Huu mwaka wa tatu."

"Na minyoo wake bado wazima," bibi akasema.

Nikaona haya zinamshika mama kwa kosa langu, sikuweza kuvumilia. "Ni wangu, Bibi," nikasema. "Mimi ndiye ninayevua." Bi Shamsa akanitazama, akatazama zulia, akatazama chetezo, akaenda kuvaa viatu vyake.

Walipoondoka mama alikaa na halwa yake nzima, haongei na mimi. Nikapiga magoti nikawakusanya daa mmoja mmoja huku nalia (na wawili walishakufa, nikawatoa, maana hata uwe umevunjika moyo vipi, mfu hawekwi na wazima). Ijumaa sikwenda kuvua. Nassor nikimuuliza ananijibu, "Mama hajasema kitu," na mimi nikaanza kujizoeza maisha bila Nassor, nikaona siyawezi.

Wiki iliyofuata Bi Shamsa akapiga simu, tuende kwao Qurum. Mama akasema wanatuita waturudishie tusi letu, lakini tukaenda, kwa sababu kutokwenda kungekuwa tusi la pili. Mlango ukafunguliwa, na aliyesimama pale ni Bi Shamsa mwenyewe, na mkononi kashika chetezo, moshi unatoka.

Mama akanishika mkono kutaka kugeuka. Bi Shamsa, uso mkavu vilevile, akamfukiza mama mbele na nyuma, akanifukiza na mimi, hata mtandio hakuuacha. Kisha akakiweka chetezo chini.

"Haya," akasema. "Ya kuondoka tumeshayamaliza. Sasa ingieni mkae, mwanangu kashanitia wazimu kwa ajili yako."

Tukaoana, alhamdulillahi, na daa wangu leo wana friji yao ndogo kwenye gereji, kaninunulia Nassor. Nimeapa sitaweka tena kiumbe cha bahari ndani ya chumba cha wageni, wala kumficha mama yangu kitu nyumbani kwake. Lakini kuapa kwangu hakujasaidia, kwa sababu mpaka hivi leo Bi Shamsa akija Ghubra hakai moja kwa moja. Anasalimia, anakwenda kwenye ile pembe, anaufunua mto, anatazama. Halafu ndipo anaomba kahawa.