Viatu Juu ya Kabati

Hoteli ninayofanyia kazi, zamani ilikuwa nyumba ya wenye shamba la pamba. Iko kwenye mwinuko, nje kidogo ya Garsen, na wageni wanalala vyumba vile vile walivyolala wenye shamba. Mimi ni wa kusafisha. Siku nilipoingia chumba cha kona mara ya kwanza, chenye kitanda cha nguzo nne na dirisha linalotazama mto, nilijiambia nami nitakuja kuwa na nyumba ya wageni kijijini kwetu Kulesa, kule chini kando ya mto, hata ya chumba kimoja. Nikatandika shuka huku nacheka peke yangu.

Lakini kwanza nilitakiwa nimalize kipindi cha majaribio ya kazi. Meneja wetu, mtu wa Ndera, nako mtoni kama kwetu, asiyecheka ovyo, aliniambia wazi: mgeni akilalamika, narudi kwetu kulima mpunga.

Wiki ya mwisho ya majaribio, nikija kazini asubuhi, niliuona mto. Maji mekundu, povu tele, yanabeba migomba mizima. Kwetu ukiona hivyo huulizi, unapandisha vitu juu. Bibi yangu hupandisha hata kuku. Basi nilipoingia chumba cha kona, wageni wenyewe, mama mmoja na mumewe kutoka Nakuru, wakiwa wametoka kutembea, mikono ilianza yenyewe. Masanduku juu ya kabati. Viatu juu ya masanduku, huko nyuma kabisa. Zulia nikalikunja, nikalilaza mezani. Nikaridhika, nikaenda chumba kingine.

Mchana nikaitwa mapokezi. Yule mama alikuwa na ndala miguuni, mumewe ameshika kiuno, meneja kati yao.

"Binti, tumeibiwa viatu," mama akasema.

"Hamjaibiwa, mama. Viko juu ya kabati."

"Vinafanya nini huko?"

"Mafuriko yakija yasivibebe."

Wote tukatazama nje. Jua linawaka, mbuzi wamelala kwenye vumbi.

"Maji hayajawahi kugusa hata ngazi za jumba hili," meneja akasema polepole.

Nilijua. Hiyo ndiyo aibu yenyewe: mimi nilijua, mikono ndiyo haikujua. Nikaanza kulifikiria jembe.

Mama akamgeukia mumewe. "Mzee, hoteli zote tulizolala, nani amewahi kuvihurumia viatu vyako?"

"Hata wewe hujawahi," mzee akajibu.

Wakacheka mpaka mama akakaa chini. "Huyu msimfukuze," akamwambia meneja. "Hatulalamiki. Tunaomba kiti tu, tuvifikie."

Wageni walipoondoka, meneja akaniita ofisini. Akaanza kunisomea: hoteli si nyumbani, vitu vya mgeni havihamishwi, na kadhalika. Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Nilipokiinua kuitikia, macho yakaenda juu ya kabati la mafaili. Kulikuwa na redio yake, na juu ya redio, vile viatu vyake vyeusi vya kutokea, vimepangwa vizuri.

Akaona ninachotazama.

"Mto umeuona asubuhi?" akauliza.

"Nimeuona, bosi."

"Ni mwekundu, eh?"

"Mwekundu sana."

Akajikuna shingo, akatazama dirishani.

"Jumatatu uje na kitambulisho, uandikwe kazi. Na vitu vya wageni uviache chini."

"Sawa, bosi. Na hivi vyako nivishushe?"

"Hivyo," akasema, "viache huko huko."