Uji wa Mbwa

Harufu ya yale maua meupe yanayoning'inia kama tarumbeta hunichefua mpaka leo. Nyumbani kwetu Masisi ndiyo yalikuwa uzio wa kiwanja. Jioni za mvua yalinukia utamu mzito unaokaa kooni kama mafuta yaliyoungua. Wageni waliyasifu. Mimi, phu!

Msimu mmoja wa mvua nilikuwa na mbwa mdogo aliyetafuna kila kitu: kandambili, magunzi, kamba ya mbuzi. Asubuhi moja tulimkuta mlangoni anayumba kama mlevi, macho yamemtoka, anatapika ute wa kijani unaovutika. Adhuhuri haikumkuta hai.

Nyanya hakuuliza mbwa kala nini, aliuliza nani kampa. Kwetu kifo cha ghafla kina jibu moja tu: sumu. Jana yake jirani yetu, Mama Furaha, mjane asiye na ndugu pale mlimani, alikuwa amemwekea mbwa huyo uji. Akaitwa mbele ya watu. Desturi yetu, mwenyeji huonja kinywaji kwanza ili mgeni anywe kwa amani. Siku ile desturi ikageuzwa fimbo. Walimsukumia bakuli la mbwa, uji umechacha, nzi juu, manyoya yamegandia ukingoni.

"Onja, Mama," Nyanya akasema. "Kama haiko sumu, unaogopa nini?"

Angekataa, wangemfukuza. "Nitakula," akajibu, "lakini muniangalie muzuri." Akala wote kwa vidole. Nilisikia kila alipomeza.

Papa, baba yangu, aliyekuwa akifukia matapishi kwa jembe, akainama ghafla. Mle ndani mlikuwa na vipande vya maua meupe vilivyotafunwa. "Njo maua yetu haya iliua mbwa," akasema. Kikulacho ki nguoni mwako! Nyanya akakung'uta kitenge: "Basi, iko muzima. Imeisha." Hakuna aliyesema pole. Hakuna aliyemletea hata maji ya kusukutua. Kabla ya wiki kwisha, Mama Furaha alihamia Bweremana.

Leo nafanya biashara Mpofi, kule Walikale, na kila mtu ana simu ya kumwonyesha dunia nzima. Majuzi mbwa wa mwindaji alikufa akitapika vilevile. Watu wakakimbilia mlangoni kwa mama mmoja mgeni, wakimpiga picha. Nikawaambia, tuangalieni kwanza mimea ya uani. Kijana mmoja akanigeukia, simu mkononi:

"Wewe, sababu gani unamutetea? Alikupa nini?"