Nilikimbia mchakamchaka na suti ya harusi ya mume wangu

Wakuu, marahaba.

Nimeitikia kabla hamjaniamkia, maana kwa umri wangu sidhani humu yupo wa kupokea shikamoo yangu. Kama yupo, shikamoo babu, na pole na magoti.

Mimi ni bibi, nakaa Soweto hapa Moshi kwa mjukuu wangu wa kike. Shule sikwenda. Hii simu naiongelesha, yenyewe inaandika, kwa hiyo mkikuta neno limekaa upande mlaumuni yeye.

Kilichonileta ni uzi wa dada mmoja humu, mjukuu kanisomea. Dada anauliza avae nguo gani za jimu ili asikate tamaa, maana amenunua seti tatu na bado analala mpaka saa tatu.

Mjukuu wangu naye anazo. Legi za zambarau, na kile kisidiria cha kamba kamba. Zinaning'inia uani zimepauka kwa jua, jasho hazijawahi kulionja.

Basi nikasema ngoja niwape ya kwangu. Sitaongeza chumvi. Chumvi yenyewe miaka ile tulipanga foleni.

Nilikuwa mama wa watoto wanne, naishi Uru huko juu, kwenye kihamba cha mume wangu. Kihamba ni shamba la nyumbani, migomba na kahawa mpaka mlangoni. Ni miaka ile ya vijiji na ya vibali. Sabuni kibali, sukari kibali. Unaweza kunywa chai ya chumvi mwezi mzima na mgeni akija unamwambia ni ushauri wa daktari.

Tukaletewa katibu mpya. Alitoka Tanga, kijana mwembamba, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Anaongea kama anaimba kaswida: "Akina mama-a, siha ndiyo taifa. Mama mlegevu, taifa legevu-u." Akituangalia sisi, wanawake tunaopanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani na mtoto mgongoni, anatuambia legevu.

Akaanzisha mchakamchaka wa akina mama. Kila Jumamosi asubuhi, uwanja wa shule, kukimbia mpaka darajani na kurudi. Na akaweka sharti: asiyekimbia, jina lake halifiki duka la kijiji. Maana yake hana sukari.

Mnauliza motivesheni. Hiyo ndiyo ilikuwa motivesheni.

Tulikimbia na kanga zetu, na sketi, hakuna aliyelalamika. Siku moja katibu akaja na barua. Jumamosi ijayo atakuja mgeni kutoka wilayani kutuangalia. Akaisoma kwa kiburi chote: "Kila mshiriki afike amevaa traki suti na raba."

 Rafiki yangu Mama Aika, jirani yangu, mwanamke asiyejua kunyamaza, akauliza hiyo traki suti ndiyo nini.

Sasa na katibu naye alikuwa haijui. Nilimwona. Macho yake yaliirudia ile barua mara mbili kama mtu anayetafuta sarafu kwenye majani. Lakini kijana wa watu hawezi kusema sijui mbele ya wanawake kumi na wawili.

Akasema, "Mama-a, suti ni suti. Hiyo traki ni ya mbele tu."

Tukatawanyika tunajadiliana. Mmoja akasema traki ni trakta, kwa hiyo ni suti ya kupandia trakta. Wengine wakasema vyovyote iwavyo, serikali imesema suti, na suti wanazo wanaume. Raba haikutusumbua. Tulikuwa na makatambuga ya tairi, na hakuna raba kuzidi tairi.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia, wakuu.

Mume wangu, Baba Ndeshi, alikuwa na suti moja. Ya kijivu, ya sufu, alishonewa na fundi wa Kihindi pale mjini kwa ajili ya harusi yetu. Inakaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na dawa ya nondo. Inatoka Krismasi na kwenye mazishi ya mtu mkubwa.

Na Jumapili, kesho yake ya hizo mbio, Baba Ndeshi alikuwa anasimikwa kuwa mzee wa kanisa. Alingojea miaka tisa. Mtu mpole, anaongea polepole kama anavuta neno kutoka kisimani. Wiki nzima alikuwa anaufungua ule mfuniko, anaiangalia suti, anaufunga.

Ningemwomba angekataa, na ana haki. Kwa hiyo sikumwomba.

Jumamosi alishuka alfajiri shamba la chini kuangalia mahindi. Nikajua harudi kabla ya mchana. Nikasema nitavaa, nitakimbia polepole, nitaikunja, nitairudisha. Nani atajua.

Nikaivaa. Mume wangu mrefu mwembamba, mimi nimejengwa kama debe. Suruali ikapita mpaka mapajani ikasimama. Nikavuta pumzi ndani, nikarukaruka, ikaingia. Kifungo hakikufika, nikafunga kamba ya mgomba. Miguuni nikakunja mara nne.

Mjue na suruali kwa mwanamke wakati ule ilikuwa aibu. Njiani nilikuwa najiambia serikali imesema, serikali imesema.

Uwanjani nikakuta wenzangu. Pamoja nami, wanawake kumi na wawili ndani ya suti. Nyeusi, kahawia, moja ya mistari. Mume wa Mama Aika mfupi, kwa hiyo suruali ilimfika magotini na mikono ikaishia kwenye viwiko, na tai ameifunga kiunoni kama mkanda. Katibu mwenyewe kaja na suti na tai, mkononi ana mwavuli.

Tulisimama mstari mmoja. Hakuna aliyecheka. Kila mtu alikuwa anaogopa kuchafua.

Landrova ikafika. Akashuka dada mmoja wa wilayani, kijana, kavaa suruali ya buluu ya mpira kiunoni na shati la buluu la zipu, vyote vina mistari mieupe pembeni.

Mama Aika akaninong'oneza, "Maskini. Wamemtoa kitandani, hata nguo za kulalia hajabadili."

Tukamwonea huruma kweli. Mtumishi wa serikali, hana hata suti.

Naye akatuangalia. Akaanza mwanzo wa mstari mpaka mwisho. Uso ukamlegea, akavua kofia, akaja akatushika mkono mmoja mmoja. "Poleni jamani. Poleni sana na msiba."

Katibu jasho likamtoka. Akashindwa kusema si msiba, maana angeulizwa sasa ni nini. Akajibu, "Ahsante, ndugu, tumeshazika-a."

"Marehemu ni nani?" dada akauliza.

Wote wakaniangalia mimi. Sijui kwa nini siku zote wananiangalia mimi.

Nikasema, "Ni sukari, mwanangu. Ametutoka muda mrefu."

Katibu alikaribia kuufungua mwavuli ajifiche. Lakini yule dada alicheka mpaka akashika bodi ya gari. Akasema haya, kimbieni basi, kila atakayerudi hapa jina lake linakwenda dukani leo hii.

Kipenga kikalia.

Wakuu, sufu ni ya kukaa kwenye benchi la kanisa. Ukikimbia nayo inakupika. Kufika darajani nilikuwa nanuka dawa ya nondo na kondoo aliyenyeshewa. Mkono mmoja umeshika suruali, mwingine umeshika koti lisiguse migomba yenye umande. Wenzangu hivyo hivyo. Kwa mbali nadhani tulionekana kama wahasibu tunaofukuzwa na nyuki.

Wakati wa kurudi kuna mfongo, ule mfereji wetu wa maji unaoshuka kutoka msituni. Siku zote nauruka. Nikauruka.

Nilisikia mlio. Ulianzia kiunoni ukashuka hadi pasiposemeka. Nikashtuka hewani, nikatua mfongoni na matako.

Nilikaa ndani ya yale maji ya baridi nikiwaza mambo mawili. La kwanza, suti ya Baba Ndeshi. La pili, nikibaki hapa nimeharibu suti na sukari nimekosa.

Nikavua koti, nikalifunga kiunoni kwa nyuma kufunika ule mpasuko, nikakimbia. Nilikimbia kwa hasira. Nikafika wa kumi.

Pale mwisho katibu, kwa sauti ya chini, akamuuliza yule dada traki suti hasa ikoje. Dada akajivuta shati lake. "Si hii nimevaa."

Mama Aika akasema, "Hizi za kulalia?"

Basi. Nikapewa sukari yangu, kilo mbili. Sasa kurudi nyumbani.

Kwetu Uchaggani kuna mmea unaitwa isale. Simu imeniandikia "msala" mara tatu, na kwa siku ile haikukosea sana. Unapandwa mipakani mwa vihamba. Ukimkosea mtu, unakata jani la isale unampelekea. Akilishika, hawezi kukunyima msamaha. Hata kama umemuua ng'ombe.

Nikakata jani mpakani kwetu. Nikamkuta Baba Ndeshi amesharudi, amekaa kwenye kigoda, sanduku la bati liko wazi mbele yake.

Nikapiga goti, na suruali ikaongezea mlio wake kidogo. Nikanyoosha isale.

Aliniangalia muda mrefu. Matope, kamba ya mgomba, koti kiunoni, pakiti ya sukari kwapani. Kisha akalipokea lile jani.

"Nimepokea," akasema polepole. "Ulifika?"

"Nilifika."

"Wa ngapi?"

"Wa kumi."

"Mlikuwa wangapi?"

"Kumi na wawili."

Akafumba macho. Nadhani kupasuka kwa suti hakukumuuma kama hilo. "Suti yangu," akasema. "Wa kumi."

Akakaa akafikiri. Akaniambia msamaha ameshatoa, jani limemfunga. Lakini suti haina uso wa kwenda kanisani. Kuanzia leo ni yangu ya mazoezi, nitaivaa kila Jumamosi mpaka siku itakayokuwa ya kwanza.

Kesho yake usimikaji. Nilitamani ardhi inimeze. Nilimfulia na kumpigia pasi sweta la kijani, nikatembea nyuma yake nimeinamisha kichwa.

Tunaingia kanisani, nainua macho. Wanaume wote wa upande ule wako na masweta. Mmoja kavaa koti la mvua. Suti za kijiji kizima zilikuwa zimeanikwa juu ya mibuni. Mchungaji aliwaangalia, akafuta miwani, akaangalia tena. Wazee wapya wanne wakasimikwa na masweta yao, na baada ya ibada kila mtu akanywa chai ya sukari.

Sasa dada uliyeuliza, sikiliza hapa.

Mimi ile suti niliivaa kweli. Niliishona nyuma kiraka cha gunia la sukari. Nilichekwa, nikazoea. Jumamosi nikitaka kulala nasikia ile sauti ya kisimani upande wa pili wa kitanda: "Mama Ndeshi, suti imeamka." Nikirudi, kabla ya pole, kabla ya maji: "Wa ngapi?" Wa tisa. Wa saba. Kuna mara moja wa pili, Mama Aika akanizidi kwa pua, na ana pua.

Katibu akahamishwa. Mwingine hakujali mbio. Wanawake wakapungua, watano, watatu, mwishowe Mama Aika akaumwa mguu. Mimi naenda tu. Nilikuwa na deni la nafasi ya kwanza.

Jumamosi moja nikafika uwanjani, hakuna mtu. Nikangoja. Nikakimbia peke yangu mpaka darajani, nikaruka mfongo, nikarudi.

Nyumbani akauliza, "Wa ngapi?"

Nikasema, "Wa kwanza."

Akanyanyuka kwenye kigoda. "Mlikuwa wangapi?"

"Mmoja."

Akafikiri, mnajua alivyo. "Na wa mwisho alikuwa nani?"

"Mimi huyo huyo."

Akasema, "Sawa. Suti imeshinda." Akaipokea kwa mikono miwili, na Jumapili akaenda nayo kanisani, kiraka cha gunia nyuma, kifua mbele.

Alipofariki, watoto walitaka kumnunulia suti mpya. Nikawaambia acheni. Tulimzika na ile ile. Watu wakija kunishika mkono, "pole na msiba," namkumbuka yule dada wa Landrova, na mara mbili ilibidi nijifunike kanga usoni wasione nacheka.

Kwa hiyo somo langu ni fupi. Nguo yoyote inakimbia, hata ya sufu. Kinachokutoa kitandani ni mtu anayekungojea umwambie umekuwa wa ngapi. Mtafute huyo kwanza, legi baadaye.

Mjukuu wangu kaninunulia traki suti yenyewe, buluu, mistari mieupe. Asubuhi naivaa natembea mpaka barabarani na kurudi. Nikifika getini nasimama kidogo.

Leo nimekuwa wa kwanza, Baba Ndeshi. Nilikuwa mmoja.

Haya, na nyie vijana, nani anawauliza mmekuwa wa ngapi? Andikeni, mjukuu atanisomea wakati anaanua legi zake.