Si Uko Nyumbani Tu?

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ndiye aliyeniponza, na sijamsamehe. Nilikuwa nikipokea simu za wateja chumbani kwangu hapa ughaibuni, Quakers Hill, hedifoni kichwani kutwa nzima, na yeye akaona nimekaa bure. Mgeni akitua uwanja wa ndege, nikampokee mimi. Mwanawe akiugua shuleni, nikamchukue mimi. Nikikataa, wimbo ni ule ule: "Si uko nyumbani tu?"

Halafu shangazi yake akafariki Kenya. Matanga huwekwa kwa wafiwa, kila mtu anajua. Lakini yeye mchana yuko kazini Wetherill Park, basi akawaambia akina mama wa kanisa waje kwangu asubuhi. Hakuniuliza. Asubuhi hiyo nilikuwa na usaili kwa kompyuta, wa cheo cha msimamizi nilichokitamani miaka. Kufungua kinywa tu, sebuleni wakapandisha pambio kwa makofi. Sasa nani hufukuza watu wa matanga? Wakubwa wakakunja nyuso. Cheo akapewa msichana anayekaa nao ofisini na kunywa nao kahawa. Nililia, kisha nikaenda kuwapikia wageni chai.

Nikaomba kurudi ofisini. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mwaka huu wifi naye kapata kazi ya kufanyia nyumbani. Juzi juzi akanipigia, kajaa unyenyekevu, nimwombee: Jumanne asubuhi anasailiwa apandishwe cheo. Nikasema amina. Jumapili, baba mdogo wetu mimi na kaka yangu akaaga dunia kule nyumbani. Nikawapigia akina mama mmoja mmoja: matanga ni kwa kaka, Jumanne asubuhi, mke wake yupo, na msisahau ngoma. Baba mdogo nilimpenda sana. Nadhani angecheka.

Jumanne nilikuwa mezani kwangu ofisini simu ilipolia. Wifi alinong'ona kutoka bafuni, nyuma yake pambio limepamba moto.

"Wifi, nakuomba, waambie wanyamaze kidogo tu. Wakubwa wananingoja."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, eti?

"Si uko nyumbani tu?" nikamwambia. "Wapikie chai."

Akaanza kulia. Raha niliyoisikia, Mungu anisamehe, na asiponisamehe pia sawa. Sikukata simu. Nilimsikiliza mpaka akakata mwenyewe.