Wimbo wa Wanaoanguka Shimoni

Chikage Kamitani alianza kupiga piano akiwa na miaka minne, akamaliza chuo cha muziki cha wasichana pale Osaka kwa alama ambazo mama yake alizisoma kwa sauti mara tatu, kisha akaenda kuajiriwa na watu waliompa sauti tatu tu za kutungia. Tatu, na mkwaruzo mmoja wa kujifanya ngoma. Mwalimu wake wa zamani alipopata habari hiyo alimpigia simu kuuliza ni adhabu ya kosa gani.

Kampuni yenyewe, Hinokuma, ilikuwa ghorofa ya tatu juu ya duka la jumla la miavuli, mtaa wa nyuma ya stesheni ya Juso. Ilitengeneza gemu za kaseti, zile za kuchomeka kwenye mashine inayounganishwa na televisheni. Ulikuwa mwaka 1986, na karibu kila nyumba yenye watoto ilikuwa na mashine hiyo, lakini mama yake, Bi Fumino, hakuwa tayari kulitamka neno gemu mbele ya majirani. Akiulizwa binti yake anafanya kazi gani, alijibu, "Yuko kwenye mambo ya umeme." Ukipima vizuri, hakudanganya.

Bi Fumino alishona kola za mashati kiwandani miaka ishirini na miwili ili masomo ya piano yasikatike. Vidole vilikuwa vimekakamaa. Asubuhi alivilowesha kwenye maji ya moto kabla ya kushika kikombe cha chai. Hakuwahi kudai shukrani. Lakini mdomo ni wake, na mdomo haukukakamaa.

"Nilidhani nitakusikia ukumbini, watu wamevaa vizuri, wametulia," alisema. "Sasa nakusikia unapiga pii-pii-pii kama birika."

"Birika lina sauti moja, mama. Mimi ninazo tatu."

"Haya, mabirika matatu."

Chikage hakukasirika, kwa sababu mwaka wa kwanza yeye mwenyewe aliona hivyo hivyo. Wimbo aliutunga kwenye piano, halafu akaugeuza namba kwenye karatasi ya miraba: namba ya sauti, namba ya urefu, mstari baada ya mstari, kama mtu anayefuma sweta asiloliona. Polepole akajifunza hila. Huwezi kupiga sauti nne kwa pamoja, basi unazizungusha haraka haraka mpaka sikio linadanganyika. Unaimba kwa sauti ya kwanza, unarudia nyuma kidogo kwa sauti ya pili, hafifu, na chumba kizima kinapata mwangwi. Ila mchezaji akiruka, mlio wa kuruka unainyang'anya ile sauti ya pili, kwa hiyo usiweke pale kitu utakachokililia.

Mwaka wa pili akapewa gemu nzima peke yake, ya mbweha anayepeleka barua milimani. Akatunga wimbo wa hatua ya kwanza: sekunde ishirini na nne za mbio za furaha, kazi safi, ya kawaida. Kisha zikafuata sekunde kumi na mbili nyingine. Hapo mbio zilipungua, sauti ya chini ikapanda, na wimbo ukageuka kitu ambacho Chikage alipokimaliza aliinua mikono kwenye piano akaitazama. Maisha yake yote alikuwa amepiga nyimbo za Wajerumani waliokufa, bila kukosea. Sekunde hizi kumi na mbili hazikuwa za Mjerumani yeyote. Zilikuwa zake, za kwanza, na alizipenda waziwazi bila aibu.

Sasa, pale Hinokuma kulikuwa na karatasi ukutani, ndefu kuliko mlango, imechorwa miraba. Karatasi ile ndiyo ilikuwa kaseti: kila mraba ni baiti kumi na sita za nafasi, na mraba ukijaa, umejaa. Kijani ni ramani, nyekundu ni madude ya kupigana nayo, buluu ni muziki. Kila asubuhi saa tatu wafanyakazi wote kumi na mmoja walisimama mbele yake, na bosi, Bwana Isomura, alisimama na kifutio kwenye mfuko wa shati. Watu wazima, wenye wake na waume, waligombea mraba pale kuliko ndugu wanavyogombea shamba.

Jumatano moja ya Juni, mvua zikinyesha na duka la chini likineemeka, Bwana Isomura akasimama mbele ya rangi ya buluu.

"Bundi, lile dude la kupigana nalo mwishoni, anahitaji miraba sita," alisema. "Hii sehemu ya pili ya wimbo wa hatua ya kwanza, nani amewahi kuisikia?"

Chikage akainua mkono.

"Ndani ya gemu, Bi Kamitani. Si kwenye piano yako."

Mkono ukashuka.

Kuramitsu, aliyeandika programu yote ya gemu ile na aliyekuwa na tabia ya kusema kweli wakati hakuna anayeihitaji, akakohoa. "Haiwezi kusikika, bosi. Kuna shimo kwenye sekunde ya kumi na mbili. Asiyejua anatumbukia, anakufa, wimbo unaanza upya. Anayejua anavuka, na sekunde ya ishirini yuko mlangoni, hatua imekwisha."

Watu wakacheka kidogo. Chikage alihisi masikio yanawaka. Kosa lilikuwa lake, na lilikuwa kosa la mtu aliyelelewa kwenye piano: alitunga kana kwamba wasikilizaji wameketi ukumbini na hawatoki mpaka mwisho. Mchezaji haketi ukumbini. Mchezaji hufa. Na yeye hakuwahi kuligundua hilo kwa sababu gemu ilimshinda, akiona haya kuicheza mbele ya wenzake.

"Mpaka Ijumaa," alisema Bwana Isomura. "Kama haisikiki, nafuta."

Haba na haba hujaza kibaba, Chikage akajisemea, akakaa siku nzima akikwangua namba. Sauti ya chini ilijirudia mara nane. Akaiandika mara moja, na kuiamuru ijirudie. Akapunguza hapa, akaunganisha pale. Alhamisi asubuhi akasimama mbele ya karatasi kifua mbele: miraba sita mitupu, bila kugusa sekunde zake kumi na mbili.

"Safi sana!" alisema Bwana Isomura, akaipaka nyekundu. "Bundi tayari. Na tukifuta hii sehemu ya pili, atapata na mabawa."

"Lakini bosi, nimekupa nafasi uliyotaka!"

"Umenipa, na nashukuru. Ila kitu kisichosikika kinakaa bure, Bi Kamitani. Hapa hata mimi sikai bure."

Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana iliuma. Chikage alishuka ngazi, akaketi katikati ya maboksi ya miavuli, akalia kama mtu mzima anavyolia kazini, yaani bila sauti na kwa dakika chache zilizohesabiwa. Kisha akanawa uso, akarudi, na kwa mara ya kwanza akachukua rimoti ya kuchezea mbele za watu.

Akatumbukia. Wimbo ukaanza upya. Akatumbukia tena. Ukaanza upya.

"Bi Kamitani, kile ni kitufe cha kuruka, si cha kengele ya mlango," alisema Kuramitsu.

"Niache. Hebu niambie, mtu akifa, kwa nini wimbo unaanza mwanzo?"

"Kila kitu kinaanza mwanzo. Amekufa."

"Mbweha amekufa. Wimbo umeugua nini?"

Ukweli ni kwamba hapakuwa na sababu. Ilikuwa hivyo kwa sababu gemu zote zilikuwa hivyo. Kuramitsu akavuta kiti. Mchezaji ana maisha matatu, Chikage alimwambia, akihesabu kwa vidole. Maisha ya kwanza, sekunde kumi na mbili, shimoni. Ya pili, kumi na mbili nyingine, shimoni. Wimbo ukinyamaza anapokufa, halafu ukaendelea pale pale ulipoachwa, maisha ya tatu yataanza na sehemu ya pili.

"Kwa hiyo ataisikia aliyeshindwa mara mbili," alisema Kuramitsu.

"Ndiyo huyo."

"Wewe mwanamke una mambo." Lakini tayari alikuwa anaandika. Ilimgharimu baiti saba, nusu mraba haijafika, akazitoa kwenye mawingu ya ndani ya gemu, kazi yake mwenyewe.

Ijumaa Bwana Isomura alicheza mwenyewe, wote wamesimama nyuma yake. Alianguka mara ya kwanza kwa kutojua, na ya pili, nadhani, kwa makusudi. Maisha ya tatu yakaanza. Sauti ya chini ikapanda, mbio zikatulia. Bosi hakubonyeza kitu. Mbweha alisimama kwenye nyasi na barua yake mgongoni, na watu kumi na mmoja wakasimama naye hadi mwisho.

"Wanaofaulu hawataisikia," alisema hatimaye.

"Hapana, bosi."

"Na wewe umeridhika?"

"Wanaofaulu wana hatua saba nyingine za kusikiliza."

Bwana Isomura akatoa kifutio, akakipima mkononi, kisha akakirudisha mfukoni. "Bundi atatembea kwa miguu," alisema. "Haya, kazini."

Gemu ilitoka Novemba. Jumapili ya kwanza, baada ya chakula cha mchana, Chikage alichomeka kaseti kwenye televisheni ya nyumbani, akamwekea mama yake mto, akampa rimoti. Juu ya sekunde kumi na mbili hakumwambia neno. Hakutaka mama asifie kwa huruma.

"Hivi vidole vyangu unavijua," alisema Bi Fumino.

"Navijua. Cheza hivyo hivyo."

Vidole havikuwahi. Mbweha akatumbukia. Bi Fumino akasonya. Mbweha akatumbukia tena. Akamtukana mbweha na ukoo wake. Kisha maisha ya tatu yakaanza, na Bi Fumino akanyamaza ghafla, kichwa kimeinama upande, kama alivyokuwa akisimama zamani nyuma ya mlango wa chumba cha piano akidhani haonekani. Mbweha akatembea taratibu hadi shimoni, akazama. Maisha yakaisha.

"Anza tena," alisema mama.

Akaanguka mara mbili haraka haraka, bila kusonya. Ya tatu akasikiliza. Akaanza tena. Mara ya nne Chikage hakuweza kuvumilia, akaweka kidole chake juu ya kidole cha mama.

"Mama, ngoja nikuonyeshe. Ukifika kwenye lile jiwe, bonyeza, utavuka."

"Nikivuka, wimbo huu utaendelea?"

"Hapana. Kule kuna wimbo mwingine."

"Basi toa mkono wako," alisema Bi Fumino, akamwingiza mbweha shimoni.