Niliposema Nimefunga

Mwaka ule uhuru wetu ulikuwa bado mchanga, na ofisi za serikali katika mji wa bandari wa Mahajanga zilikuwa zikitafuta wenyeji wanaojua Kifaransa na mashine ya kuchapa. Mimi nilivijua vyote viwili. Nilimwacha binti yangu wa mwaka mmoja na nusu kwa mama, kisiwani kwetu Nosy Be, nikapanda meli. Baba wa mtoto alikuwa amekwenda Komoro kuzika jamaa, akaoa huko huko, akatulia. Kwa hiyo kazi ile haikuwa pambo. Nikiipata, namchukua mwanangu. Nikiikosa, narudi kukaa chini ya kaka zangu, wananitazama kila ninapotia tonge mdomoni.

Mtihani niliupita. Kilibaki cheti cha daktari, nacho kilitakiwa kifike kwa mkuu wa ofisi kabla ya Jumamosi adhuhuri. Alhamisi alfajiri, nyumbani kwa shangazi nilikofikia, nikaamka nikakuta damu imekuja.

Ilikuwa Ramadhani.

Lazima nieleze tulivyolelewa. Mwanamke aliye hedhini hafungi, kila mtu anajua, dini yenyewe imemruhusu. Lakini kwetu hakuna mwanamume anayetakiwa kujua ni lini. Basi tunaamka kula daku na wenzetu, tunashinda na midomo mikavu, halafu tunakula jikoni tumesimama, haraka haraka, kama tumeuiba wali wetu wenyewe. Mama alinifundisha hata kupiga miayo ya njaa alasiri. Nilikuwa hodari. Kaka zangu wangeapa kwamba tangu nivunje ungo sijawahi kula mchana wa Ramadhani.

Hospitalini tulikuwa sita kwenye benchi, wanaume watano na mimi. Daktari alikuwa Mfaransa, yuko ndani anapiga mihuri. Aliyetushughulikia ni mwuguzi, mzee wa Kikomoro anayesali msikiti mmoja na mume wa shangazi. Alikuwa atutoe damu, na waliofunga huwa wanazimia, kwa hiyo alimwuliza kila mmoja. Akanifikia mimi.

"Na wewe, mwanangu, umefunga?"

"Nimefunga, mjomba."

Lilitoka lenyewe. Ulimi ulishazoea.

Akanipa chupa ya mkojo. Chooni nilijitahidi nilivyoweza, nikajifuta, nikajikaza, lakini chupa ilitoka na wekundu. Nikajisemea, mzee huyu ana mabinti, ataelewa na atanyamaza. Akaiinua dirishani, akaitazama, akanitazama. Akaniuliza polepole kama utotoni nilikuwa nikioga mitoni. Nikasema ndiyo, nani hakuoga. Akatikisa kichwa kwa huruma.

Karatasi ilipotoka ndipo nikaelewa: kichocho, hafai kwa kazi. Mzee alikuwa amepiga hesabu zake sawasawa. Aliyefunga hana hedhi, na kama hana hedhi, basi damu ile ni ugonjwa. Uongo wangu ulikuwa umefanya kazi vizuri kabisa.

Nilimfuata ukumbini nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, si kichocho. Niko kwenye siku zangu."

Akatazama sakafu. "Umeniambia umefunga."

"Uliniuliza mbele ya wanaume watano. Ulitaka niseme nini?"

Akasema maneno kama yale yeye hawezi kumpelekea daktari. Cheti kimeshapigwa muhuri, na yeye akaseme nini, kwamba binti wa watu wake amemdanganya mwezi mtukufu? Nirudi kwetu nikale Idi na mama, nijaribu mwaka mwingine. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionichemsha. Mwaka mwingine mwanangu angekuwa anamwita bibi yake mama.

Nikasukuma mlango mwenyewe. Kifaransa nilikuwa nacho, sikuhitaji mkalimani.

"Daktari, leo nina hedhi. Hakuna aliyeniuliza."

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye benchi mmoja alianza kucheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Daktari hakunijibu mimi, alimgeukia mwuguzi, akamwuliza kwa nini hakuuliza. Mzee akajibu kwamba huyu amefunga. Daktari akasema yeye anazungumzia damu, njaa inaingiaje hapa. Wote wawili, mzee na mimi, tukainamisha vichwa kama watoto wa nyumba moja. Hakuna aliyemweleza.

Basi daktari akalifuta neno kichocho kwa kalamu, akaandika chini yake, kwa herufi kubwa, hedhi, apimwe tena baada ya wiki moja. Karatasi hiyo hiyo niliipeleka mwenyewe kwa mkuu wa ofisi, makarani wanachungulia nyuma yake. Aliisoma, akaifunika kifudifudi, akasema nafasi itaningoja hadi Ijumaa ya pili, si zaidi.

Kabla ya futari habari zilikuwa zimeshafika kwa shangazi. Mumewe alikula akiwa amenipa mgongo. Shangazi akanivuta uani, akasema ningevumilia tu, kazi zipo. Nikamwambia kazi zipo, mwanangu ndiye hayupo. Nikamwuliza pia nimewaaibisha kwa lipi, kwa kusema uongo au kwa kusema kweli. Alinisogezea sahani yangu, na uso wake ulikuwa umefungwa.

Chupa ya pili ilitoka safi. Binti yangu alikuja na meli ya kwanza baada ya Idi, na nyumbani kwa shangazi hatukufikia. Mzee wa hospitali tukikutana njiani huinama kumsalimia mtoto, anamshika shavu, anamwuliza habari za bibi yake. Mimi ananiruka, na mimi simsaidii kwa kuanza salamu.