Mikono Yenye Harufu ya Kahawa

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha imeingia maktabani kabla ya mzee mwenyewe. Nimeijua mara moja, na sura yake pia.

Siku moja, miaka mingi iliyopita, nilimenya kahawa na mama tangu alfajiri, kisha nikateremka kwa miguu kutoka kijijini kwetu Maguu hadi mjini kuangalia kwenye mtandao nimechaguliwa shule gani. Sheria ya maktaba ilikuwa unanawa kwanza, ndipo unamwonyesha mtunza maktaba viganja. Akavinusa vyangu mbele ya watu, akakunja pua.

"Kanawe tena."

Nikasugua kwa mchanga mpaka ngozi ikawasha.

"Bado unanuka. Kanawe tena."

Wakati huo mtoto wa mnunuzi wa kahawa alikuwa anabofya kompyuta kwa vidole vinavyong'aa mafuta ya maandazi, na hakuna aliyemnusa. Nilinawa mpaka maktaba ikafungwa. Nyumbani mama aliniuliza, "Shule gani, mwanangu?" Nikaificha mikono mgongoni.

Siku hizi kompyuta hizo ziko chini yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nimetoka shambani moja kwa moja. Nataka kuona mjukuu wangu kachaguliwa shule gani."

Hanikumbuki. Ameshanawa, maana sheria aliiweka mwenyewe alipokuwa mtunza maktaba hapa, na sasa ananinyooshea viganja vinavyochuruzika maji. Nimeinama, nimevuta pumzi taratibu, na watu wote wanatutazama.

"Kanawe tena, mzee."